Mama Kevin wa Nsambya: Mzigo Uliobebwa na Wengi

Kila mwaka, mpunga unapoanza kutoa masuke katika bonde la Kilombero, nyumba nyingi za Ifakara, Mang'ula na Mlimba hubaki na wazee pamoja na watoto wa shule. Wenye nguvu wamekwenda mashambani, wanalala katika madungu ili kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Sisi tunaoishi huku tunajua kwamba wengi wa hao ni akina mama. Tunajua pia kwamba miongoni mwao yumo mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mhazini wa WAWATA wa kigango, na mama anayewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza. Jumamosi jioni hurudi kijijini ili Jumapili asimamie michango, atembelee mgonjwa na kuandaa chakula cha wageni wa parokia. Jumatatu alfajiri yuko njiani tena kuelekea shambani.

Nyakati za uchaguzi wa viongozi wa walei, maparoko husikia maneno yanayofanana. Mama aliyeongoza vizuri anaombwa aendelee, naye anakataa. Imani yake haijapoa, ila mwili na roho vimechoka. Mwingine anakubali kwa kuona haya, anaendelea mpaka anaugua, au mpaka moyo unajaa uchungu na maneno makali yanaanza kumtoka kwa wale wale aliowatumikia kwa upendo. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi sana kwetu sote kuuona mzigo wa mama huyo kuwa mwepesi, kwa sababu hatuubebi sisi.

Kwa ajili yao tumeona vema kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyeongoza kazi kubwa ya Kanisa katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 40, na kazi hiyo isianguke siku alipoiacha. Huyo ni Mtumishi wa Mungu Mama Maria Kevin Kearney, ambaye watu wa Uganda walimwita Mama Kevina.

Yatima wa Arklow

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika wilaya ya Wicklow nchini Ireland, akabatizwa kwa jina la Teresa. Hakumwona baba yake, kwa maana alikuwa amekufa kwa ajali miezi mitatu kabla ya kuzaliwa kwake. Mama yake aliolewa tena, akafariki Teresa akiwa na umri wa miaka 10. Akalelewa na bibi yake, mwanamke mwenye imani thabiti ambaye ndiye aliyemfundisha kuyasoma mateso ya dunia kwa kuutazama Msalaba. Bibi naye alifariki Teresa alipofikisha miaka 17.

Watoto wa namna hiyo tunao wengi hata katika vijiji vyetu. Aliyezoea kufiwa mapema hujifunza kujitegemea, na kujitegemea huko huweza kuwa neema au mtego: neema inapomfanya mtu awe jasiri, mtego inapomfanya asiamini kwamba yupo mwingine atakayemsaidia. Teresa angeweza kuwa kiongozi wa kufanya yote kwa mikono yake peke yake. Kilichomwokoa, kwa maoni yetu, ni kwamba mapema sana aliyaweka maisha yake ndani ya jumuiya.

Mwaka 1895 alijiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Tarehe 21 Aprili 1898 aliweka nadhiri na kuitwa Sista Maria Kevin wa Mateso Matakatifu. Alitamani kutumwa Marekani, kuwahudumia watu weusi waliokuwa wakibaguliwa huko. Mungu alikuwa na njia nyingine. Askofu Henry Hanlon, Mmisionari wa Mill Hill aliyeongoza Kanisa katika eneo la Nile ya Juu, aliomba masista kwa ajili ya wanawake na watoto wa Uganda, na Sista Kevin akawa mmoja wa sita waliochaguliwa.

Chini ya mwembe

Masista hao waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Walisafiri kwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki, wakaendelea kwa garimoshi hadi Ziwa Viktoria, wakalivuka, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika katika kilima cha Nsambya, Kampala. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Hapo ndipo walipofunga vidonda, walipogawa dawa chache walizokuja nazo, na walipoanza kujifunza Kiganda kutoka kwa wagonjwa wenyewe.

Walifika wakati mbaya. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu katika mwambao wa ziwa na visiwani. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache watu wasiopungua laki mbili walikufa. Ndui na malaria navyo vilikuwapo. Masista walikuwa sita, na wagonjwa walikuwa hawahesabiki. Hata hivyo, mwaka 1906 kazi ilipanuliwa hadi Nagalama, umbali wa safari ndefu kwa miguu kutoka Nsambya.

Mwaka 1910 lilitokea jambo ambalo katika simulizi nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu. Mkuu wa masista hao, Sista Paul, aliugua, akalazimika kuondoka Afrika na kurudi Marekani. Alikuwa mwanamke hodari, aliyewaongoza wenzake tangu siku ya kwanza. Nafasi yake alipewa Sista Kevin, aliyekuwa na umri wa miaka 35.

Tunaomba msomaji akae kidogo hapa. Mama Kevin hakuanza uongozi kwa ushindi. Alianza kwa kumsindikiza kiongozi aliyeishiwa nguvu. Aliona kwa macho yake kwamba utakatifu wa mtu haumkingi na maradhi, na kwamba nia njema haiongezi saa za usiku. Katika miaka yote iliyofuata twaona kwamba karibu kila hatua kubwa aliyoichukua ilikuwa hatua ya kuongeza mikono mingine katika kazi.

Vita, na mkono wa daktari

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Nsambya iligeuzwa kuwa hospitali ya wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi. Vita hiyo wazee wetu waliijua vizuri, maana ilifika hata huku: Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani mpaka ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Oktoba 1917, na vijiji vya bonde letu vilinyang'anywa chakula na vijana. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Mama Kevin na wenzake waliwauguza wale walioletwa kwao, na tarehe 25 Desemba 1918 serikali ya Uingereza ikamtunukia nishani ya Dola kwa huduma hiyo.

Mtu mwingine angeona nishani hiyo kuwa uthibitisho kwamba anaweza mwenyewe. Yeye aliendelea kutafuta wasaidizi. Mwaka 1919 alifika Nsambya Dkt. Evelyn Connolly, daktari mwanamke, mlei, aliyekuja kama mmisionari. Wawili hao waliona kwamba hata wangefanya kazi usiku na mchana, wasingeweza kufika kwa kila mama aliyekuwa akijifungua vijijini. Mwaka 1921 wakaanzisha shule ya wakunga hapo Nsambya, ili mabinti wa Uganda wenyewe wafundishwe na kurudi kwa watu wao.

Shule hiyo ilikuwa na kikwazo. Sheria ya Kanisa ya wakati huo iliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevin hakuvunja sheria, wala hakukaa kimya. Kwa miaka mingi aliwaeleza wakubwa wa Kanisa hali halisi ya akina mama waliokuwa wakifa, na wengine katika nchi za misioni walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1936 Roma iliruhusu watawa kujifunza na kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo wapo leo masista wakunga katika hospitali zetu za Kikatoliki, na mama anayejifungulia katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara ananufaika na subira ya wanawake wasiomjua.

Mabinti wanane

Mwaka 1923 Mama Kevin alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, kwa mabinti wanane. Makao yao makuu yakawa Nkokonjeru. Wapo waliodhani kwamba mabinti wa Kiafrika wasingeweza kudumu katika maisha ya nadhiri, wakazuia kwa maneno na kwa mashaka. Yeye aliwafundisha kusoma, kuuguza, kufundisha, kulima, kuweka hesabu, na zaidi ya yote kusali. Leo shirika hilo linahudumu katika nchi zote tatu, Uganda, Kenya na Tanzania.

Kwa wakati huo huo aliona kwamba masista wanaotoka Ulaya walikuwa wachache kuliko kazi. Mwaka 1928 akarudi ng'ambo, na mwaka uliofuata ikafunguliwa nyumba ya unovisi huko Holme Hall, Uingereza, mahususi kwa ajili ya wale wanaotaka kutumwa Afrika. Vituo vya wenye ukoma vikafuata, Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934. Sisi wa Ifakara, ambao kwa miaka mingi tumekuwa na kituo chetu cha Nazareti, tunaelewa bila kuelezwa maana ya kumpokea mtu ambaye jamaa zake wamemtenga. Mwaka 1942 ikaanzishwa shule ya wasichana ya Mlima Mtakatifu Maria, Namagunga, ambayo imelea wanawake wengi wenye madaraka nchini Uganda.

Mambo haya yote yakihesabiwa pamoja yanaweza kumtisha mama wa jumuiya anayesoma habari hii. Anaweza kusema kwamba Mama Kevin alikuwa mtu wa aina nyingine. Lakini tazama mpangilio wake. Wakunga waliofundishwa walizalisha bila yeye kuwapo. Masista wanane wakawa ishirini, kisha mamia, nao wakaendesha shule na zahanati. Kila kituo kipya kilipofunguliwa walikuwapo watu waliokwisha kuandaliwa, au yeye alikuwa njiani kuwatafuta. Kazi iliongezeka, lakini haikuongezeka juu ya mabega yale yale.

Kuacha na kupokea

Tarehe 9 Juni 1952 masista wa Afrika walitengwa na shirika la Mill Hill na kuwa shirika jipya, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, na Mama Kevin akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1955 Kanisa lilimpa msalaba wa heshima uitwao Pro Ecclesia et Pontifice. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 80, aliweka chini uongozi wa shirika.

Wapo viongozi ambao kuacha cheo kwao ni kama kufa. Mama Kevin alipokea kazi ndogo: alipelekwa Marekani kuongoza nyumba moja ya masista karibu na Boston na kuomba misaada kwa ajili ya Afrika. Yule aliyekuwa mama wa shirika zima akawa mama wa nyumba moja. Huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 82.

Mwili wake ulipelekwa Ireland. Lakini waamini wa Uganda walidai mama yao arudishwe kwao, wakakubaliwa. Ulisafirishwa kwa ndege na kuzikwa Nkokonjeru mwezi Desemba mwaka huo, kati ya mabinti zake. Katika lugha ya Kiganda jina lake limekuwa neno la kawaida: kevina ni hospitali au mahali pa huruma. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri.

Tunachojifunza, na tusichopaswa kudai

Tuseme ukweli. Hatuwezi kuandika kwamba Mama Kevin alipumzika sana. Alifanya kazi hadi uzee, na hata Boston alikuwa kazini. Anayetafuta katika maisha yake ruhusa ya kukaa kivivu hataipata. Kinachopatikana ni tofauti kati ya kufanya kazi nyingi na kuifanya kazi yote itegemee mwili wa mtu mmoja.

Tofauti ya pili inatuhusu sisi tunaoongozwa. Mama Kevin aliishi katika nyumba ya watawa. Kengele ilimwita katika sala asubuhi, adhuhuri na jioni, hata kama mlango ulikuwa na wagonjwa. Chakula kilipikwa na wenzake kwa zamu. Alipougua, aliuguzwa. Kila mwaka watawa huwa na siku za mafungo ambazo hakuna anayewaulizia hesabu ya michango. Mwenyekiti wetu wa jumuiya hana kengele hiyo. Akitoka katika kikao cha kigango, anakuta jiko la baridi, maji hayajachotwa, na mume anayeuliza alikuwa wapi. Tukimwambia aige bidii ya Mama Kevin bila kumpa ile jumuiya iliyombeba Mama Kevin, tunamdhulumu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa parokia zetu.

Kwanza, kila kiongozi awe na mtu anayemwandaa. Makamu asiwe jina katika daftari. Apewe kikao cha kuongoza, hesabu za kusoma na wagonjwa wa kuwatembelea, wakati kiongozi bado yupo wa kumsahihisha. Mabinti wanane wa mwaka 1923 hawakungoja Mama Kevin afariki ndipo wajifunze.

Pili, ratiba ya uongozi ifuate msimu wa bonde letu. Hakuna haja ya kupanga semina, uchaguzi na harambee katika wiki ambazo kila mtu yuko shambani. Viongozi wanaokaa mashambani kwa miezi hiyo wagawane zamu, na mwenye zamu ya shamba asilaumiwe kwa kutokuwapo.

Tatu, muda wa uongozi ukiisha, uishe kweli. Tumezoea kumsifu mama aliyeshika nafasi moja kwa miaka 15 bila kujiuliza kama alibaki kwa hiari au kwa kukosa wa kumpokea. Kumwachia mwingine nafasi kwa amani, na kupokea kazi ndogo baada ya kubwa, ni fadhila inayostahili kusifiwa vilevile.

Nne, mafungo na sala visiwe malipo ya baada ya kazi. Bwana wetu aliwaita mitume wake waende mahali pa faragha wakapumzike kidogo, wakati watu walikuwa wengi kiasi cha kuwakosesha nafasi ya kula. Hakungoja umati uishe. Parokia inaweza kuwatengea viongozi wanawake walau siku moja ya mafungo kila mwaka, na siku hiyo wanaume wa parokia wapike, wahudumu na kuwalea watoto.

Tano, waume na wana wajue kwamba utume wa mama ni utume wa nyumba nzima. Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu kuanzia asubuhi hadi jioni, hakumsifu kwa uvumilivu wake. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwa kuwa litamchosha yeye na watu pia, akamshauri achague wasaidizi. Kila mama kiongozi anahitaji Yethro wake, mtu wa nyumbani anayeweza kumwambia hivyo kwa upendo kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Kwa akina mama wenyewe tunasema jambo moja tu. Kuomba msaada mapema si udhaifu wa imani. Sista Paul hakushindwa mbele ya Mungu kwa sababu aliugua na kurudi kwao. Mbegu aliyoipanda chini ya mwembe ilimea mikononi mwa mwingine. Mama anayesema leo kwamba amechoka, kabla hajaanguka, analinda kazi ya Mungu na pia anailinda nyumba yake.

Kila tarehe 17 Oktoba, siku alipofariki Mtumishi wa Mungu Mama Kevin, mpunga wa mwaka umekwisha kuvunwa bondeni na mashamba mengi yanangoja mvua. Ni wakati unaofaa jumuiya kuketi na kuuliza nani amebeba nini, na nani hajabeba kitu. Tumwombe Mungu, akipenda, amtukuze mtumishi wake huyu katika Kanisa lake, na atujalie sisi wa Kilombero macho ya kuuona mzigo wa mwenzetu kwa uzito wake wa kweli, na mikono ya kuushika upande wa pili.